Tusamehe kwa Kweli, Tupatane kwa Haki

Mada kwa viongozi wa walei, makatekista na wajumbe wa Haki na Amani wa parokia za Kibondo na Kasulu



Mada niliyopewa ni msamaha na upatanisho kati ya Wakristo. Mwanzoni niliiona nyepesi, kwa maana hakuna Mkristo asiyejua kwamba yampasa kusamehe. Kila siku tunasali Baba Yetu, na ndani ya sala hiyo tunajifunga wenyewe kwa ahadi ya kuwasamehe waliotukosea. Lakini nilipoanza kuandika, kalamu ilisita. Nilikumbuka upatanisho mmoja nilioufanya mimi mwenyewe, nao ukaharibika mikononi mwangu. Naomba nianze na habari hiyo. Si siri ya maungamo. Wahusika wameniruhusu kuisimulia bila kuwataja majina. Nami nadhani kosa la padre likisemwa wazi laweza kuwafaa waamini kuliko mahubiri yake mazuri.

1. Shamba la migomba

Katika kigango kimoja cha milimani waliishi wanaume wawili, majirani wa mpaka mmoja na waamini wa jumuiya moja. Mmoja ni Mha, mwenyeji wa hapo. Mwingine alizaliwa Burundi, akaletwa na wazazi wake akiwa mtoto mwaka 1972, wakati wa mauaji makubwa ya huko. Akakulia huku, akaoa binti wa huku, akafunga ndoa kanisani.

Septemba na Oktoba 1997, kwa hofu ya usalama wa mpakani, ilitolewa amri kwamba wageni waliokuwa wakiishi vijijini wakusanywe na kupelekwa makambini. Wanajeshi walipita vijiji kwa vijiji katika mikoa yetu ya mpakani. Wengi walichukuliwa, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokwisha kukaa nchini miaka mingi, wenye wake na watoto Watanzania. Wazee waliopo hapa wanayakumbuka hayo. Askari, kwa kuwa walikuwa wageni wa kijiji, hawakujua nani ni nani. Walihitaji mtu wa kuwaonyesha. Kwa ndugu yetu huyu, aliyewaonyesha ni jirani yake wa jumuiya.

Aliporudi kutoka kambini baada ya miaka kadhaa, alikuta upande mmoja wa shamba lake umepandwa migomba ya jirani. Hakwenda kushtaki, kwa kuwa aliogopa kuulizwa vyeti vya uraia. Akanyamaza. Tangu hapo familia zile mbili hazikusalimiana. Lakini kila Jumapili walikuja katika Misa ile ile, wakapokea Ekaristi kwa mkono wa padre yule yule.

Nilipohamishiwa parokia hiyo nilikuwa padre kijana, mwenye bidii na haraka. Niliposikia kwamba kuna uadui, niliwaita wote wawili mbele ya altare Jumapili moja ya Kwaresima. Nilihubiri juu ya msamaha, nikawaomba wapeane mikono. Wakapeana. Waamini wakapiga vigelegele, kwaya ikaimba, nami nikarudi nyumbani nikimshukuru Mungu. Jumapili iliyofuata yule aliyedhulumiwa hakuja kanisani, wala iliyofuata tena. Nilimfuata nyumbani kwake. Alinikaribisha kwa heshima, akaniambia kwa sauti ya chini: "Padre, umenipatanisha na mkono wake. Shamba langu bado lina migomba yake, wala hakuna aliyeniuliza nililalaje huko kambini."

Ndugu zangu, maneno hayo yamenifundisha mengi kuliko vitabu vyangu vya seminarini.

2. Jambo hili si la watu wawili tu

Wilaya zetu zimeishi na majeraha ya aina hii kwa muda mrefu. Kiha na Kirundi ni lugha ndugu. Anayesalimia "bwakeye" upande huu huitikiwa upande ule. Kabla ya kuwekwa mpaka wa wakoloni, watu waliolewa na kuoa huku na huko. Hata hivyo, udugu wa lugha haukuzuia maumivu.

Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, Wahutu na Watutsi kwa maelfu waliuawa nchini kwao, na wengine kwa maelfu wakavuka mpaka kuja kwetu. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Nakumbuka mistari ya watu barabarani, akina mama wamebeba mikeka kichwani na watoto mgongoni. Baadaye tulizoea majina ya makambi: Kanembwa, Mtendeli na Nduta upande wa Kibondo, Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu upande wa Kasulu. Nyarugusu ilianza mwaka 1996 kwa ajili ya ndugu waliokimbia vita vya Kongo. Watu wetu wengi waligawana na wageni chakula na mashamba. Wengi wetu pia tuliumia: mifugo iliibwa, misitu ilikatwa, na palikuwa na unyang'anyi wa silaha. Tukianza kuhesabu makosa, kila upande utapata ya kuhesabu.

Linalotuuma sisi kama Kanisa ni hili: katika Burundi, zaidi ya nusu ya watu ni Wakatoliki. Aliyeua na aliyeuawa, mara nyingi, walikuwa wamebatizwa kwa maji yale yale. Katika Sinodi ya Maaskofu kwa ajili ya Afrika iliyofunguliwa Roma Aprili 1994, siku zile zile Rwanda ilipokuwa ikiteketea, lilisikika neno chungu: kwamba kwetu damu ya ukoo huwa nzito kuliko maji ya ubatizo. Nasi tujiulize. Siku ile jirani yetu wa jumuiya aliponyosha kidole, ubatizo wake ulikuwa wapi?

Lakini hatuna sababu ya kukata tamaa, maana wapo waliotuonyesha njia. Tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia katika seminari ndogo ya Buta, jimboni Bururi, kusini mwa Burundi. Waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Vijana wakakataa kutengana. Arobaini kati yao wakauawa. Walikuwa wanafunzi, wengine wa umri wa watoto wetu wa sekondari. Mwaka 2019 Maaskofu wa Burundi walifungua mchakato wa kuwaombea watangazwe wenye heri, pamoja na mashahidi wengine wa udugu, akiwemo Padre Michel Kayoya aliyeuawa mwaka 1972. Kwa hiyo maji ya ubatizo yanaweza kuwa mazito kuliko damu. Ushahidi huo haukutoka mbali. Umetoka kwa majirani zetu.

3. Msamaha ni wa mmoja, upatanisho ni wa wawili

Kosa nililofanya mimi ni kuchanganya mambo mawili yanayofanana lakini hayako sawa.

Msamaha ni kazi ya moyo wa aliyekosewa. Kwa neema ya Mungu anaweza kuutoa hata kama mkosaji hajaomba, hata kama amekwisha kufa. Kusamehe ni kuacha kulipiza kisasi, ni kukataa kumtakia mabaya aliyeniumiza, ni kumwombea. Bwana wetu pale msalabani aliwaombea waliomsulubisha wakati hakuna aliyemwomba radhi. Basi asiseme mtu, "Nitasamehe siku atakapokuja kupiga magoti." Akingoja hivyo, anamkabidhi mkosaji ufunguo wa moyo wake.

Upatanisho ni jambo jingine. Ni uhusiano uliovunjika kuungwa tena, nao hauungwi na mtu mmoja. Huhitaji aliyekosa aseme alilotenda, na aliyekosewa asikilizwe. Tazameni habari ya Yosefu na ndugu zake katika Kitabu cha Mwanzo. Yosefu alikuwa na moyo wa kusamehe, na mara kadhaa alijificha kando akalia. Lakini hakujitambulisha siku ya kwanza. Alingoja hadi Yuda, yule aliyetoa shauri la kumwuza, aliposimama na kujitoa awe mtumwa mahali pa Benyamini. Hapo Yosefu alijua kwamba ndugu zake wamebadilika, akafungua kinywa. Machozi ya msamaha yalikuwapo tangu mwanzo; kukumbatiana kulingoja ukweli.

Tukimsukuma aliyeumizwa apeane mkono kabla ya ukweli, tunampa mzigo wa pili. Kwanza alidhulumiwa, sasa anaonekana mbele ya waamini kuwa ndiye mwenye moyo mgumu. Nawaomba hasa mlikumbuke hili mnaposuluhisha ndoa. Mama anayepigwa anaweza kumsamehe mumewe mbele ya Mungu, lakini msamaha huo haumlazimishi kurudi kupigwa. Anayemrudisha nyumbani bila kipigo kukoma hajapatanisha, amefunika tu.

4. Kitubio kinatufundisha njia

Tunawafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza mambo matano ya kupokea vema Sakramenti ya Kitubio: kutafuta dhambi moyoni, kujuta, kukusudia kuacha, kuungama na kutimiza malipizi. Hakuna padre anayemfundisha mtoto kwamba yatosha kushikana mkono na Mungu. Mbona basi kwa jirani tunadai pungufu? Njia ile ile itufae kati yetu.

Kwanza, kujitafuta. Kila mmoja ajiulize nimetenda nini, kabla ya kusema nimetendewa nini.

Pili, kujuta. Majuto si aibu ya kujulikana. Ni kuumia kwa sababu mwenzangu aliumia.

Tatu, kusema ukweli kwa jina lake. Asiyesema zaidi ya "kama nimekukosea, unisamehe" hajaungama. Aseme: nilikusingizia, nilichukua, nilikusaliti. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Nne, kukusudia. Mwenzangu aone kwamba jambo lile halitarudiwa.

Tano, kurudisha na kulipa. Zakayo alipompokea Yesu hakuishia kwenye karamu. Alitangaza kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Aliyeiba ng'ombe akaomba radhi huku ng'ombe akiwa zizini mwake, ameomba nini?

Jambo hili si geni kwa wazee wetu. Huko Burundi bashingantahe, wazee wa haki, walikaa na wagombanao, wakasikiliza pande zote, wakatafuta ukweli kabla ya kuamua. Na kwetu pia wazee hawakukubali watu wanywe pombe ya ndizi katika chungu kimoja huku mpaka wa shamba ukiwa haujulikani. Chungu kilikuja mwishoni. Mimi nilianza na chungu.

5. Haki si adui wa msamaha

Wako wanaosema, "Padre, tukidai haki, hatujasamehe." Sivyo. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika ujumbe wake wa Siku ya Amani ya mwaka 2002, alifundisha kwamba amani haipo bila haki, na haki haipo bila msamaha. Hivyo viwili ni miguu miwili ya mtu mmoja.

Nitataja jambo zito, kwa kuwa tumelinyamazia mno. Mei 1999, karibu na kambi ya Mtendeli, wanawake na wasichana wakimbizi waliokwenda kutafuta kuni walishambuliwa na kubakwa na wanaume wa upande wetu. Ilisemekana ni kulipiza kisasi kwa mwalimu aliyeuawa. Mauaji ya mwalimu yalikuwa dhambi kubwa. Lakini wanawake wale hawakumwua. Kesi ilifunguliwa, ikafutwa kabla ya hukumu. Basi, ndugu zangu, nani aliwaomba radhi? Twaweza kusema kwamba sisi na wao tumepatana kwa sababu tu miaka imepita? Muda hauponyi usaha uliofunikwa, huuficha tu. Jumuiya ya Kikristo inayotaka amani haina budi kulitaja hilo katika sala yake kwa toba, hata kama waliotenda ni wachache.

Mataifa nayo yamejifunza hivyo. Mwalimu Nyerere alianza kuwasuluhisha Warundi mwaka 1996, akaifanya kazi hiyo mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999. Mzee Nelson Mandela akaiendeleza, na makubaliano yakatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Makubaliano hayo yaliahidi tume ya ukweli na maridhiano. Sheria iliyoiunda ilitolewa mwaka 2014. Kwa miaka yote hiyo wakimbizi walirudi kwao, na kambi ya Mtabila ikafungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Wengi walikuta mashamba yao yana watu wengine. Mwaka 2015 machafuko yakazuka tena, na miongoni mwa waliovuka mpaka kuja kwetu walikuwamo waliokwisha kurudi nyumbani. Sisemi kwamba kuchelewa kwa ukweli ndiyo sababu pekee. Nasema kwamba saini ni mwanzo wa amani kama mkono ulivyo mwanzo wa urafiki. Kazi yenyewe hufuata baadaye.

6. Tufanye nini katika jumuiya zetu?

Napendekeza mambo manne.

Moja: tusiwapatanishe watu hadharani kabla ya kuwasikiliza faraghani, kila mmoja peke yake, hata kama itachukua miezi.

Mbili: kila jumuiya iwe na watu wawili au watatu wanaoaminika, mwanamke akiwemo, wenye kutunza siri, wasio na ujamaa na upande wowote katika shauri linalohusika.

Tatu: panapohusika mpaka, mali au fidia, wazee wa kijiji washirikishwe. Na panapohusika jinai, kama ubakaji au kuumiza mwili, tusikae barazani kumaliza kwa mbuzi. Tumsindikize aliyeumizwa hospitali na kwenye vyombo vya sheria. Kanisa si kichaka cha kumfichia mhalifu.

Nne: tumpe muda aliyeumizwa. Katika Injili ya Mathayo, sura ya tano, Bwana anatuagiza kwamba mtu akikumbuka mbele ya altare kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aache sadaka yake, aende kwanza. Angalieni: anayeambiwa aende ni yule aliyekosa. Mara nyingi sisi tunamtuma aliyekosewa.

7. Mwisho wa habari ya shamba

Mnataka kujua yaliyotokea. Nilirudi kwa yule baba, nikamwomba radhi mimi kwanza, kwa haraka yangu. Kisha nikaketi naye jioni nyingi, anieleze habari za kambini. Nilipokwenda kwa jirani yake, alikana. Nikarudi mara ya pili, akakana. Mara ya tatu mkewe ndiye aliyesema: "Mwambie Padre, na sisi tupumzike." Akasema. Alisema aliogopa, kwa sababu ilivuma kwamba anayeficha wageni naye atachukuliwa. Akasema pia kwamba alilitamani shamba lile.

Walikutana nyumbani kwa aliyedhulumiwa, pamoja na wazee wawili na katekista. Mkosaji alisema yote kwa kinywa chake. Mwenzake aliuliza jambo moja tu: "Watoto wangu walikukosea nini?" Hakupata jibu. Wazee walipima mpaka, na shamba likarudishwa pamoja na migomba iliyosimama juu yake, kuwa malipo. Aliyedhulumiwa akasema: "Shamba nimepokea. Kisasi sina. Lakini kula pamoja, nipeni muda." Hapakuwa na vigelegele siku hiyo.

Alirudi kanisani. Ilipita karibu miaka miwili. Kisha mke wa jirani yule alifariki, na wa kwanza kufika na jembe kuchimba kaburi alikuwa yeye. Baada ya mazishi walikaa mkeka mmoja, wakala. Jumapili iliyofuata, wakati wa kutakiana amani, nikiwa altareni niliwaona wakigeukiana. Safari hii sikuwaita mimi.

Ndugu zangu, Bwana mfufuka aliwatokea wanafunzi waliomkimbia, akawapa amani, kisha akawaonyesha mikono na ubavu. Hakuyaficha makovu ili amani ipatikane. Wahenga nao walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Tuuzibe ufa wetu kwa ukweli, tuusiribe kwa haki, na neema ya Mungu iufanye imara. Kristo, aliye amani yetu, awajalie mwendako nguvu ya kusamehe na ujasiri wa kuomba radhi. Amina.

Maswali ya kujadiliana katika jumuiya

1. Je, katika jumuiya yetu wapo wanaopokea Ekaristi pamoja bila kusalimiana? Ni nani anayepaswa kwenda kwanza?

2. Ni upatanisho gani tuliowahi kuufanya kwa haraka? Ni ukweli gani haukusemwa?

3. Je, kuna kitu, shamba au jina jema la mtu ambalo hatujalirudisha?

4. Tufanye nini ili aliyetoka nchi nyingine ajione ni ndugu katika jumuiya yetu?